Sura ya 6: Inayopiga Kelele na Inayochomoka

Mtu anapopeleka gari gereji kwa ajili ya miguu, mara nyingi huanza kwa kuigiza sauti. "Fundi, nikipita kwenye matuta huku mbele kunasema ko-ko-ko." Fundi anaingia garini, anazunguka mtaa mmoja, anarudi na orodha: stabilaiza linki mbili, bushi, na shokapu kama uwezo upo. Mteja anakwenda Kariakoo, spea zinanunuliwa, zinafungwa kabla ya jioni, na gari linatoka kimya. Mambo haya hutokea kila siku kutoka Tegeta hadi Mbagala, na hayana ubaya, isipokuwa kwamba huenda hakuna aliyeigusa boljointi. Haikuwa ikipiga kelele, kwa hiyo haikuulizwa. Na kati ya vyote vilivyofungwa chini ya gari, hiyo ndiyo inayoweza kuchomoka na kulilaza tairi ubavu katikati ya barabara.

Wengi wetu tunapima ubovu wa miguu kwa sikio. Kinachogonga sana ndicho kibovu sana, na gari likinyamaza limepona. Nadhani mazoea haya yamegharimu watu wengi fedha, na wengine zaidi ya fedha. Kuna vitu vinavyopiga makelele ya kutia hofu lakini vinaweza kusubiri mshahara wa mwezi ujao. Kuna kingine kisichotoa sauti yoyote, na hicho hakifai kusubiri hata kesho. Kuvitenganisha hakuhitaji mashine. Kunahitaji kujua kila kipande kinabeba nini, kisha kuinama na kukishika.

Stabilaiza linki ndiyo bingwa wa makelele. Ni fimbo fupi yenye goroli ndogo kila ncha, inayounganisha mguu wa tairi na chuma kirefu kinachopita kutoka upande mmoja wa gari hadi wa pili. Kazi ya chuma hicho ni kuzuia gari lisilale sana kwenye kona. Tairi la kushoto likipanda huku la kulia likishuka, chuma kinajisokota na linki zinavutwa. Matairi yote mawili yakipanda pamoja, chuma hakisokotwi na linki hazina kazi kubwa. Kwa hiyo unaweza kuitambua hata bila jeki. Panda tuta taratibu ukiwa umenyooka, matairi ya mbele yapande kwa pamoja. Rudi, ulipande kwa mshazari, tairi moja litangulie. Kama kupanda kwa kunyooka kulikuwa kimya na kwa mshazari kukaleta ko-ko-ko, anza na linki au bushi za stabilaiza kabla ya kumruhusu mtu yeyote akuuzie shokapu. Linki mbovu inafanya gari liyumbe zaidi kwenye kona, na ni sharti ibadilishwe, lakini haishikilii tairi.

Bushi ni habari nyingine, kwa sababu zenyewe hubadilisha mwenendo wa gari polepole mpaka dereva akadhani ndivyo lilivyozaliwa. Bushi ni raba iliyogandishwa kati ya bomba mbili za chuma, moja ndani ya nyingine. Loa amu, yaani ule mkono wa chini unaoshikilia tairi, hufungwa kwenye bodi kwa bushi mbili. Ya nyuma yake ndiyo inayoteseka zaidi, maana kila unapokanyaga breki tairi linataka kubaki nyuma wakati gari linataka kwenda mbele, na raba hiyo ndiyo inayoamua mgogoro. Ikichanika, tairi hupata uhuru wa kusogea nyuma kidogo wakati wa kufunga breki, na pembe yake inabadilika papo hapo. Utaona gari linavuta upande mmoja ukikanyaga breki, kisha linarudi upande wa pili ukikanyaga mafuta. Watu wengi hubadilisha pedi za breki kwa ajili ya dalili hii, wakaambulia patupu. Muombe mtu asogeze gari mbele na nyuma kidogo huku akigusa breki, wewe ukiwa umesimama pembeni, mbali na njia ya gari, ukitazama tairi ndani ya uwazi wa bodi. Tairi likionekana linarudi nyuma na kusonga mbele, raba imekwisha. Nyufa ndogo za juujuu si kitu. Raba iliyoachana na chuma chake ndiyo mbovu.

Tairodi endi nitaipitia haraka, kwa kuwa ukaguzi wake ni mwepesi na hauna udhuru. Gari likiwa chini kwa matairi yake manne, injini imezimwa na usukani haujajifunga, mtu autikise usukani kushoto na kulia kidogokidogo. Weka kiganja chako juu ya kiungo. Kama kuna uwazi, utausikia kwenye ngozi kabla ya kuuona kwa macho. Kiungo hiki ndicho kinacholiambia tairi liangalie wapi, kwa hiyo uwazi wowote unaosikika mkononi unatosha kukibadilisha.

Sasa boljointi. Ni goroli ya chuma iliyokaa ndani ya kikombe, ikazungushiwa grisi na kufunikwa kwa buti la raba, kama kichwa cha mfupa wa paja kilivyokaa ndani ya nyonga. Inaruhusu tairi lipande na kushuka, na papo hapo ligeuke kushoto na kulia. Adui yake mkuu ni kuchanika kwa buti. Buti likipasuka, grisi hutoka, vumbi na maji huingia, na kuanzia hapo kila mzunguko wa usukani unasaga chuma kwa mchanga. Boljointi yenye buti lililochanika ihesabu kuwa imeshaanza kufa, hata kama bado imekaza.

Jambo linaloamua hatari yake ni njia ambayo uzito wa gari unapita. Katika Vitz, IST, Corolla na magari mengi madogo, mguu wa mbele ni wa muundo wa Earle MacPherson, mhandisi Mmarekani ambaye kazi yake ya miaka ya 1940 ilionekana kwenye Ford Consul na Zephyr za mwaka 1950. Springi na shokapu zimefungwa pamoja zikawa nguzo moja, na uzito hushuka kwa nguzo hiyo hadi kwenye tairi. Boljointi ya chini inabaki na kazi ya kuliongoza tairi, bila kubeba mzigo mkubwa wa gari. Ikilika hupata nafasi ya kucheza, ikicheza hugonga, na ikigonga utaisikia. Hata hivyo ikichomoka madhara ni yaleyale.

Prado za mwaka 1996 hadi 2002, zile zinazojulikana kama 90, pamoja na Hilux Surf za zama hizo, zimejengwa vingine. Springi imekalia amu ya chini. Uzito wa gari unaisukuma amu hiyo kwenda chini, wakati barabara inalisukuma tairi kwenda juu, na boljointi iko katikati, ikivutwa pande zote mbili. Mzigo wa pembe ile ya gari unaivuta goroli itoke ndani ya kikombe, mchana na usiku, hata gari likiwa limeegeshwa. Na hapa ndipo kimya kinapotoka: kwa kuwa mvuto hauachi, goroli imebanwa upande mmoja wa kikombe wakati wote. Haipati nafasi ya kugonga. Inalika, inalika, kingo za kikombe zinakonda, na dereva hasikii chochote mpaka siku inapochomoka.

Siku hiyo tairi hulala chini ya bodi, usukani unakuwa hauna mwenyewe, na mara nyingi shafti na mpira wa breki navyo huvutwa. Wenye bahati hukutwa na hilo wakikata kona kutoka kwenye maegesho, kwa sababu usukani uliozungushwa hadi mwisho na mwendo mdogo huilemea sana goroli iliyochoka. Nani atakayechagua mahali pa kutokea? Hili si la barabara zetu peke yake. Mwaka 2005 Toyota iliwaita wenye mamia ya maelfu ya pikapu na magari makubwa ya aina hii nchini Marekani wayarudishe yakaguliwe, kwa sababu ya boljointi za chini ambazo goroli zake zingeweza kuwa na mikwaruzo tangu kiwandani na hivyo kulika mapema.

Kuikagua kunataka ujue jeki inakaa wapi, na hapa ndipo ukaguzi mwingi unapoharibika. Kwenye gari la muundo wa MacPherson, nyanyua kwa bodi ili tairi lining'inie huru. Kwenye Prado na Surf nilizozitaja, jeki iwekwe chini ya amu yenyewe, karibu na boljointi kadiri inavyowezekana, ili springi ibebwe na jeki na mvuto uondoke kwenye goroli. Ukiinyanyua kwa chasisi, unaweza kutikisa mpaka jasho likutoke na usione kitu, ukajiridhisha kwamba kiungo ni kizima. Weka stendi imara. Jeki peke yake si kitu cha kuweka mwili wako chini yake. Kisha ingiza mtarimbo chini ya tairi ulinyanyue, huku mwenzako akimulika kiungo kwa tochi. Goroli ikipanda na kushuka ndani ya kikombe, gari hilo halirudi barabarani kabla ya spea kununuliwa.

Kuna utata mmoja wa kuondoa. Tairi lililonyanyuliwa likitikisika ukilishika juu na chini, huenda ni beringi ya tairi na wala si boljointi. Mwambie mtu akanyage breki na ashikilie, utikise tena. Mtikisiko ukipotea, ni beringi, kwa kuwa breki imeshafunga kilichokuwa kinacheza. Ukibaki, tafuta kwenye viungo. Hili linachukua muda mfupi na limeokoa wengi wasinunue kitu ambacho gari halikukihitaji.

Nimeiacha shokapu mpaka sasa kwa makusudi, ingawa ndiyo jina linalotajwa kwanza. Inashutumiwa kwa makosa mengi yasiyo yake. Gari lililokaa chini upande mmoja halina shokapu mbovu. Lina springi iliyochoka au kuvunjika, kwa sababu springi ndiyo inayobeba uzito. Shokapu haibebeshwi gari. Kazi yake ni kuizuia springi isiendelee kuruka baada ya kukanyaga shimo: pistoni inasukuma mafuta yapite kwenye vitundu vidogo, na nguvu ya mruko inageuka kuwa joto. Ndiyo maana, ukitoka barabara mbaya, shokapu nzima huwa ya moto na iliyokufa huwa baridi kuliko wenzake. Sogeza kiganja karibu nazo ulinganishe, usizikamate.

Kipimo cha mtaani cha kulisukuma gari kwa pembe na kuliachia kina maana yake. Likirudi juu na kutulia, sawa. Likiendelea kuchezacheza zaidi ya mara moja na nusu, shokapu ya pembe hiyo imekwisha. Lakini kipimo hiki kinakamata maiti tu, wagonjwa kinawaacha. Bodi ya gari huyumba kiasi cha mara moja au zaidi kidogo kwa sekunde, na mwendo huo mkono wako unaweza kuutengeneza. Tairi lenyewe, likipita kwenye barabara mbovu, hurukaruka zaidi ya mara kumi kwa sekunde, na hapo ndipo shokapu iliyochoka inaposhindwa kulikandamiza chini. Tairi lililo hewani halifungi breki na halikati kona. Dalili yake ya kweli imeandikwa kwenye raba ya tairi: pitisha kiganja kuzunguka uso wake, na ukikuta mabonde yanayofuatana, hapa pamelika na hapa hapajalika, ujue limekuwa likirukaruka muda mrefu. Tairi lililolika ukingo wa ndani pekee linaeleza kitu kingine, pembe iliyopotea, na hapo urudi kwenye bushi. Angalia pia fimbo ya shokapu. Unyevu mwembamba wa mafuta si neno. Mafuta yaliyotiririka na kukamata vumbi hadi likawa ganda ni mwisho wake.

Barabara ya vumbi yenye mawimbi ndiyo inayoziua shokapu zetu, na inafaa kueleweka. Mwaka 1963 mwanasayansi Keith Mather, aliyekuwa akifanya kazi Australia, alichapisha majaribio yake yaliyoonyesha kwamba mawimbi hayo hutengenezwa na magurudumu yenyewe: gurudumu likipita juu ya mchanga kwa mwendo uliovuka kiwango fulani, kituta kidogo hulirusha, linapoangukia huchimba, na shimo hilo humrusha anayefuata. Mawimbi yakiachana kwa sentimita 70 hivi, gari la kilomita 50 kwa saa linapigwa mara 20 kila sekunde. Mafuta ndani ya shokapu huchemka na kutoa povu, na povu hupita kwenye vitundu bila kuzuia chochote. Dereva anahisi gari limekuwa laini, linaelea, akaongeza mwendo kwa kuwa linaonekana limetulia, wakati matairi yanagusa vilele tu. Shokapu za gesi husaidia, maana msukumo wa gesi huzuia povu lisitokee mapema. Lakini dawa ya hakika ni kusimama, shokapu zipoe.

Tukija kwenye matengenezo, kuna njia za mkato ambazo nazikataa kabisa na nyingine ambazo nazielewa. Bushi zilizochongwa kutoka kwenye raba ya tairi kuukuu nazielewa. Zimefikisha malori mengi nyumbani kutoka mahali ambapo hakuna duka. Zimfikishe mtu mjini, kisha zitolewe. Shokapu iliyotobolewa, ikajazwa mafuta na kuchomelewa itatuliza gari kwa muda, lakini vali na sili zilizochoka zimebaki mlemle ndani. Boljointi iliyochomelewa nasema hapana, na naomba kila fundi anayesoma hapa aseme hapana pamoja nami. Moto wa kuchomelea hulegeza chuma kilichokomazwa na kuunguza bitana ya plastiki iliyo ndani ya kikombe. Kiungo kinakaza kwa sababu kimeharibika, na mteja anaambiwa kimepona.

Kadhalika springi ya MacPherson isifunguliwe bila klampu zake. Imebanwa kwa nguvu ya mamia ya kilo, na ile nati moja ya juu ndiyo inayoizuia. Kuifunga kwa waya au kamba kisha kufungua nati ni kuweka uso wa kijana wa gereji mbele ya chuma kinachotaka kuruka.

Spea za mtumba kutoka Japani ni suala la kuchagua kipande kwa kipande. Springi ya mtumba iliyo nzima nainunua bila wasiwasi. Bushi na boljointi za mtumba sinunui, kwa kuwa raba huzeeka hata ikikaa rafuni, na goroli iliyotumika haina namna ya kuonyesha imebakiza nini. Shokapu zibadilishwe mbili kwa ekseli moja, kushoto na kulia, la sivyo gari litakuwa na miguu yenye tabia mbili. Wakati nguzo iko chini, angalia na mauntini yake ya juu. Ukisikia springi ikiruka kwa mlio unapozungusha usukani gari limesimama, hiyo ndiyo iliyokuwa inakwama.

Kuna kosa moja la ufungaji ambalo limeua bushi mpya nyingi kuliko barabara, nalo halionekani. Fundi anafunga amu gari likiwa juu ya jeki, tairi likining'inia, anakaza bolti za bushi kwa nguvu zote, anashusha gari. Raba ya bushi haizunguki kwenye bolti. Imegandishwa, hivyo hujisokota tu. Ikikazwa tairi likiwa limening'inia, huo ndio unakuwa mkao wake wa kupumzika, na gari likishuka raba inabaki imesokotwa kila saa, hata usiku kwenye maegesho. Huchanika upesi, na lawama huenda kwa muuza spea. Njia sahihi ni kuzikamata bolti kwa mkono, kushusha gari kwenye matairi yake, kulisukuma juu na chini mara kadhaa litulie, kisha ndipo kukaza. Vitabu vya matengenezo vya watengenezaji vinasema hivyo. Simama karibu wakati wa hatua hii, na uiombe kwa heshima: "Fundi, hizi bolti tuzikaze gari likishuka." Fundi mzuri hatachukia.

Nati ya boljointi ipate kotapini mpya, na si msumari uliokunjwa. Wili alaimenti ifuate baada ya kila kilicholegea kubadilishwa, kwa kuwa mashine ikipima tairi linalocheza, namba inazotoa ni za dakika ile tu, na ukitoka getini zimeshabadilika. Matairi mapya yaje baada ya hapo. Mwisho, kabla fundi hajanawa mikono, mwambie apake mstari mwembamba wa rangi unaovuka kila nati na chuma ilichokazwa nacho. Baada ya wiki moja ya kulitumia gari, inama na tochi uitazame mistari hiyo. Wa nati iliyoanza kufunguka utakuwa umekatika.